Siti Si Yako

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Moshi, kwenye mahafali ya vijana wa ufundi magari. Mvua iliwazuia wazazi wengi wa milimani kushuka, nao wakaniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziruka, hazikuwa na maana sana.

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi, wahitimu na wageni wetu: Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na nyinyi mliobanana pale mlangoni, ingieni jamani, hili benchi la mbele halina mwenyewe.

Nilipewa mada, "Fursa katika sekta ya magari". Mkuu atanisamehe, nimeiacha nyumbani. Wiki mbili zilizopita nilikuja hapa kutazama mtihani wa vitendo, na kijana mmoja, yumo humu ndani wala simtaji, akaniuliza huku anajifuta grisi, "Mzee, nifanyeje niwe dereva wa mashindano?" Nikamjibu, "Kwanza jifunze kukaza nati." Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Usiku usingizi haukuja. Miaka kumi na minne nimekaa siti ya kushoto kwenye gari la rali, navigeta, kazi yangu kumsomea dereva kona zinazokuja. Mtu wa namna hiyo akiulizwa swali lile, analijibu kwa mzaha? Leo najibu.

Nani hapa hajapanda daladala ya Majengo saa kumi na mbili jioni? Unagombania, unaingia, unapata siti. Raha! Umekaa. Kituo kinachofuata anaingia bibi na kikapu, konda anakugonga bega: "Kijana, simama kidogo." Nauli umelipa, umewahi kuingia, lakini siti si yako. Umeikalia tu.

Siti ya dereva wa mashindano ni hiyo hiyo. Awe wa Formula 1 anayeonekana dunia nzima, awe wa rali ya klabu hapa kwetu anayetazamwa na wachunga mbuzi wawili, siti si yake. Mnaona kikombe na shampeni, mnadhani maisha ya yule mtu yako mikononi mwake kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani. Hayako mikononi mwake.

Anzeni na kuingia. Mtu anaingiaje? Wazazi, shikeni mikoba yenu vizuri. Anaingia kwa pesa. Niki Lauda wa Austria alizaliwa kwenye ukoo wa matajiri, lakini ukoo haukutaka kusikia habari za mbio. Akaenda benki, akakopa, akanunua siti kwenye timu. Amenunua! Bingwa wa dunia mara tatu, 1975, 1977 na 1984, alianza kwa deni. Lewis Hamilton, mwenye ubingwa mara saba, alianza kuendesha vigari vya watoto akiwa na miaka minane, na baba yake alifanya kazi zaidi ya moja ili matairi yapatikane. Hao ndio walioshinda. Waliokopa wakashindwa hawana picha gazetini.

Na sisi? Dereva wangu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu nitakazozisema, aliuza mabati. Alikuwa anajenga Kibosho, ukuta umefika lenta, mabati thelathini yamepangwa chini ya mgomba yanangoja paa. Msimu wa mashindano ukafika, akayauza, akanunua matairi manne ya njia za mawe na shokapu mbili. Mama yake akaja gereji, akaliangalia tairi, akalipapasa, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hili linaezeka nyumba?"

Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo hakuna aliyemjibu.

Wadhamini nao. Kampuni moja ya mjini, siitaji, ilituahidi mafuta na gharama za kulala. Tukaandika jina lao mlangoni herufi kubwa za njano, rangi tukanunua wenyewe. Siku mbili kabla ya mashindano wakasema bajeti imebadilika. Basi tukazunguka wikiendi nzima tukiwatangaza bure, kwa sababu hela ya kulifuta jina hatukuwa nayo.

Mnacheka. Tulicheka pia, lakini baada ya miaka.

Sasa nije kwenu wahitimu, maana hapa ndipo penye utamu. Nani anajua kwamba Safari Rally ilikuwa yetu pia? Naona mkono mmoja, wa mwalimu, hauhesabiki. Ilianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tuliikosa miaka ya 70 ilipobaki Kenya peke yake. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na ng'ombe, basi la abiria, mto uliofurika, na bado saa inahesabu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza tena 7. Saba! Hesabuni wenyewe mangapi yalibaki matopeni.

Nani alikuwa anashinda rali ya namna hiyo? Mara nyingi ni mtu mwenye grisi kwenye kucha. Joginder Singh, Singasinga mzaliwa wa Kericho, alianza kama fundi kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1965 alishinda na mdogo wake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Si gari jipya la kiwandani, wajameni, mtumba! Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Safari alizoingia ni 22, akamaliza 19. Watu humsifia mbio, mimi namsifia hiyo kumi na tisa. Mtu hamalizi Safari kumi na tisa kwa kukanyaga mafuta. Anamaliza kwa kusikia bushi inalia kabla haijakatika.

Na wa kwetu? Mwaka 1966 na 1967 Safari ilichukuliwa na Bert Shankland, mzaliwa wa Uskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, na Chris Rothwell pembeni yake, wote wawili mara zote mbili kwenye Peugeot 404. Mara mbili mfululizo kikombe kilikuja Tanzania, na humu ndani hakuna kijana aliyewahi kulisikia jina hilo. Walimu, mtaala una nafasi?

Niwaonyeshe ufundi wenyewe unavyofanya kazi. Tulikuwa mashamba ya miwa ya TPC, mashindano ya klabu, jiwe likatoboa tenki la mafuta. Tundu dogo, ncha ya msumari, lakini petroli inachirizika na bomba la moshi bado lina moto. Dereva wangu anashika kichwa. Fundi wetu, mzee wa Rau asiyezungumza, akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ya kufulia! Akaitafuna. Ndiyo, aliitafuna, ilikuwa ngumu, akaikanda kwa dole gumba, akalala chali chini ya gari na kuipachika kwenye tundu. Maji huiyeyusha sabuni, petroli haiiyeyushi. Tukaendesha kilomita sitini na ile sabuni, tukashika nafasi ya pili. Kwenye jukwaa tulipanda wawili. Mzee wa sabuni alikuwa anatafuta maji ya kusukutua.

Ndiyo maana nasema siti si ya dereva. Siku ile siti ilikaliwa na kipande cha sabuni.

Sasa tushuke, na huku chini nitakaa zaidi.

Tarehe 2 Novemba 2008, São Paulo, Brazil. Felipe Massa, mzaliwa wa jiji lile lile, anaendesha Ferrari, mbio za mwisho za msimu wa Formula 1. Hesabu yake ya ubingwa iko hivi: ashinde yeye, na Hamilton asifike nafasi ya tano. Mvua inaanza kunyesha mizunguko ya mwisho. Massa anavuka mstari akiwa wa kwanza, anashinda, Hamilton yuko wa sita. Gereji ya Ferrari wanarukaruka, baba yake Massa anakumbatiana na kila mtu. Mwana wao ni bingwa wa dunia! Ni bingwa kwa nusu dakika na ushei. Huko nyuma, kona ya mwisho kabisa, Hamilton anamkuta Timo Glock anateleza na matairi ya jua kwenye lami iliyolowa, anampita, anakuwa wa tano. Hamilton pointi 98, Massa 97.

Pointi moja. Massa alikosea wapi siku ile? Niambieni. Alianza wa kwanza, akamaliza wa kwanza. Alisimama jukwaani anajipigapiga kifua, machozi yanamtoka, mbele ya watu wa nyumbani.

Ngojeni, haijaisha. Tarehe 25 Julai 2009, Hungaria, anatafuta nafasi ya kuanzia. Springi inachomoka kwenye gari la Rubens Barrichello lililokuwa mbele, Mbrazili mwenzake, inadunda barabarani na kumpiga kwenye helmeti, juu ya jicho la kushoto. Fuvu likapata ufa. Msimu ukaishia pale.

Akapona, akarudi. Tarehe 25 Julai 2010, Hockenheim, Ujerumani. Sikilizeni tarehe: 25 Julai na 25 Julai, mwaka mmoja kamili. Massa anaongoza mbio. Aongoze mpaka mwisho, iwe hadithi ya kusimulia wajukuu. Mhandisi wake anamwita redioni, anamwambia Fernando Alonso, mwenzake wa timu, ana kasi kuliko yeye. Anarudia kumuuliza kama ameelewa. Massa akaelewa, akapunguza mwendo, Alonso akapita. Ferrari walitozwa faini, kwa kuwa amri ya namna ile ilikuwa imekatazwa. Lakini faini hairudishi mbio. Massa aliendelea na Formula 1 mpaka 2017 na hakushinda tena hata mbio moja. Ile ya São Paulo, ile ya machozi, ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mimi kwa maoni yangu, na mnaruhusiwa kunipinga, springi haikumuumiza kama ile redio. Springi ni ajali. Redio ni konda anayekugonga bega: simama kidogo.

Mwingine ni Robert Kubica wa Poland. Mwaka 2008 alishinda mbio za Kanada, kwenye uwanja ule ule alikopata ajali akaponea chupuchupu mwaka mmoja kabla. Akawa anaongoza msimamo wa dunia. Februari 2011 akaenda Italia kushiriki rali ndogo, ya kujifurahisha tu. Gari likagonga chuma cha kando ya barabara, kikaingia mpaka ndani, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Madaktari wakauokoa, lakini haukurudi kama zamani. Miaka minane bila mbio za Formula 1! Akarudi 2019, akaambulia pointi moja msimu mzima, siti ikaenda kwa mwingine. Mkasema basi, huyu kaisha. Juni 2025, mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, gari la njano la Ferrari linavuka mstari la kwanza. Nani yumo? Kubica, kwa zamu na wenzake wawili, na yeye ndiye aliyekuwa anaendesha likivuka.

Najua wazazi wanapenda niishie hapo kwa Kubica, kwa kuwa pana matumaini. Siwezi. Kwa kila Kubica kuna wengi walioanguka wasionekane tena, na mmoja wao namjua mimi, kwa sababu nilimwangusha mimi.

Ulikuwa mwaka wa El Niño. Mnaokumbuka, mnakumbuka: madaraja yamekwenda, treni hakuna. Mashindano yetu yakaahirishwa mara mbili, ya tatu yakafanyika, njia ya Sanya Juu kuelekea West Kilimanjaro. Siku ya kwanza tuliongoza. Haikuwahi kutokea. Tulikuwa na lile gari la mabati, na tunaongoza watu wenye magari ya maana! Usiku ule mfanyabiashara mmoja alikuja hotelini, akamwambia dereva wangu, "Kesho ukishinda, mwakani unaendesha gari langu." Siti, wanangu. Siti halisi, na mafuta ya mtu mwingine.

Niwaeleze kwanza noti ni nini. Kabla ya mashindano tunapita njia polepole, dereva anaitaja kila kona, mimi naandika. Namba sita ni kona nyepesi, unapita na mafuta. Namba moja ni unakunja mpaka usukani unalia. Siku ya mbio yeye hatazami mbali. Ananisikiliza mimi. "Kulia nne, usikate, themanini, daraja, kushoto mbili." Themanini ni mita. Anageuza usukani kwa sauti yangu, mahali ambapo macho yake hayajafika. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mtu anakimbia kilomita mia na arobaini kwa saa, ukungu wa asubuhi, na anachokiona ni maneno ya kinywa changu.

Daftari lilikuwa limelowa tangu jana. Nililianika juu ya kochi la hoteli, nikaridhika. Asubuhi, kilomita ya kumi na moja, nikafungua ukurasa. Zikafunguka mbili, zimegandana. Sikuhisi kwenye kidole. Nikasoma kwa sauti safi kabisa, "Kushoto tano." Akakanyaga. Mbele yetu ilikuwa kulia mbili, na chini yake korongo.

Nilichokiona ni majani ya mahindi kwenye kioo, halafu anga, halafu mahindi tena. Gari liliposimama lilikuwa juu chini na injini bado inanguruma. Mimi nilitoka na mchubuko kwenye kidevu. Yeye goti la kulia lilivunjika vipande, goti la kukanyagia mafuta na breki. Tulipokuwa tumelala pale kwenye tope tukisubiri watu, akaniuliza, "Ulisema tano?" Nikasema, "Nilisema tano." Akasema, "Nilisikia vizuri basi." Hakuliongelea tena mpaka leo.

Siti ya yule mfanyabiashara akapewa aliyeshika nafasi ya pili. Sina kinyongo naye, aliiendesha vizuri.

Kwa hiyo kijana wangu uliyeuliza, jibu lako hili hapa, na wazazi wako walisikie. Jiunge na klabu, ujitolee kushika bendera kona moja utazame watu wanavyoanguka. Halafu uingie timu ya mafundi, ulale chini ya gari la mwenzako misimu miwili mitatu. Halafu siti ya kushoto. Ya kulia ikija, itakuja ukiwa unajua kila mkono ulioishikilia. Bima kata kabla ya helmeti. Mabati usiuze. Na uwe na kazi nyingine mkononi. Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano baada ya kuikimbia Uganda ya Idi Amin, aliumia vibaya sana Misri mwaka 1987, mbio zikaishia hapo. Akaingia uongozi wa mchezo wenyewe, akaongoza kamisheni ya rali ya dunia. Alikuwa na pa kwenda.

Je, dereva wangu alikuwa na pa kwenda? Hakuwa napo. Alikaa miaka miwili kwenye ile nyumba ya Kibosho, mvua inaingia. Halafu akapata leseni ya kubeba watalii, na goti lake hilo hilo. Sasa ana Land Cruiser, anapeleka wapanda mlima geti la Londorossi. Nyumba imeezekwa. Mama yake aliwahi kulala chini ya paa lake, mwaka mmoja na nusu.

Mwezi uliopita alipata safari na kijana wake wa kumsaidia akaugua, akanipigia simu: "Mzee, njoo unisindikize, nisisinzie." Tukaondoka Moshi alfajiri, Bomang'ombe, Sanya Juu. Siku hizi ni lami, huwezi kuitambua njia. Wazungu wanne nyuma wamelala. Tulipoiacha lami na vumbi likaanza, nikajikuta nasema kwa sauti ya chini, bila daftari, bila kujua kama anasikia. "Kushoto nne. Sitini. Daraja."

Tulikuwa tunaikaribia ile kona. Pale penye korongo sasa pana shamba la viazi na mti mmoja wa mgrevilea. Nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

"Kulia mbili," nikasema.

Akatoa mguu kwenye mafuta, taratibu, akakunja.

Mkuu wa chuo, asante kwa muda wako. Kijana, ovaroli yako ni saizi gani?